Ukipimwa Macho, Omba Mboni Zitanuliwe: Mishipa ya Retina, Moyo na Ubongo

Msomaji mmoja wa Tanga amenitumia picha ya karatasi ya kliniki ya macho. Alikwenda kutafuta miwani ya kusomea, akapata miwani, na pia mstari mmoja uliomnyima usingizi: retinopathi ya presha (mishipa ya nyuma ya jicho iliyoumizwa na presha), gredi ya pili. Anauliza ni dawa gani ya matone itamwondolea.

Hakuna dawa ya matone kwa hali hiyo. Karatasi hiyo inatakiwa ifike kwa daktari anayemtibu presha, na ifike wiki hii, maana kilichoonekana ndani ya jicho ni hali ya mishipa ya mwili mzima. Naandika kwa sababu karatasi kama hizo nyingi huishia kwenye mkoba wa miwani.

Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ndiyo sehemu ambayo daktari anaweza kuitazama mishipa midogo ya damu moja kwa moja bila kupasua mtu. Imewezekana tangu Hermann von Helmholtz wa Ujerumani alipotangaza kifaa chake cha kutazamia ndani ya jicho mwaka 1851. Damu ya retina inapita kwenye ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) kubwa ya shingoni inayolisha pia sehemu ya mbele ya ubongo, na retina yenyewe huota kutoka kwenye ubongo mtoto akiwa tumboni. Kwa hiyo presha inayoumiza mishipa midogo ya retina kwa kawaida inafanya kazi hiyo hiyo kwenye mishipa midogo ya ubongo, figo na moyo.

Gredi unazoandikiwa zilitoka kwa Keith, Wagener na Barker wa Mayo Clinic, Marekani, mwaka 1939. Gredi ya kwanza ni ateri kuwa nyembamba. Kwa kawaida upana wa ateri ukilinganishwa na vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) iliyo jirani ni kama 2 kwa 3. Ikifika 1 kwa 2, ateri imesinyaa.

Gredi ya pili inaonekana pale ateri inapoipita vena kwa juu. Hapo mishipa hiyo miwili inafungwa pamoja na utando mmoja. Ukuta wa ateri uliokwisha kuwa mgumu unaikandamiza vena kama bomba la bustani lililokanyagwa: damu ya vena inaonekana kukatika pande zote mbili za ateri, na vena yenyewe inapinda mahali ambapo ingepita moja kwa moja. Marcus Gunn wa London alilieleza jambo hili mwishoni mwa karne ya 19. Si alama ya kuitazama tu, kwa sababu vena ikibanwa hivyo damu inaweza kuganda papo hapo, na mtu akaamka asubuhi sehemu ya jicho moja haioni.

Gredi ya tatu ina damu iliyovuja kwa umbo la mwali wa moto, madoa meupe kama pamba pale nyuzi za neva zilipokosa damu, na mafuta ya manjano yaliyojitenga. Gredi ya nne ni hayo yote pamoja na kuvimba kwa kichwa cha neva ya jicho. Mwaka 1939, kabla ya dawa za presha tunazozijua leo, wengi wa wagonjwa wa gredi ya nne walifariki ndani ya mwaka mmoja.

Usiumize kichwa kwa tofauti ya gredi ya kwanza na ya pili. Madaktari wawili wanaweza kutazama jicho moja wakatofautiana, na ndiyo maana siku hizi wengi wanaziunganisha na kuziita hatua nyepesi. Mstari wa kuuogopa uko kati ya pili na tatu. Marekani, katika utafiti wa ARIC, watu wazima zaidi ya 10,000 walipigwa picha za retina miaka ya 1990 kisha wakafuatiliwa. Waliokuwa na madoa ya damu, madoa ya pamba au vivimbe vidogo kwenye kapilari (mishipa midogo kabisa ya damu) walipata kiharusi kwa wingi, kiasi cha mara mbili hadi nne ya wenzao, hata baada ya kuhesabu presha, sukari na sigara. Ateri kuwa nyembamba peke yake kulihusiana na ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa wanawake, lakini kwa wanaume uhusiano huo haukuonekana.

Kwa nini picha ieleze zaidi ya mashine ya presha? Mashine inasoma dakika ile uliyokaa kwenye kiti, pengine ukiwa umekunywa dawa asubuhi hiyo tu kwa sababu unakwenda kliniki. Ukuta wa ateri umebeba miaka. Presha yako ikisoma 130 huku retina ikionyesha gredi ya pili, daktari ana haki ya kukuuliza juu ya siku ambazo hukumeza dawa, nawe umjibu ukweli.

Hata hivyo kuna mipaka. Mwaka 2018 watafiti wa Google walitoa matokeo ya programu iliyofunzwa kwa picha za retina za watu zaidi ya 284,000. Iliweza kukisia umri kwa kukosea kama miaka mitatu, na namba ya juu ya presha kwa kukosea kama 11. Ilipofika kwenye kubashiri shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miaka mitano, haikushinda kwa kiasi cha maana hesabu za kawaida za umri, presha na sigara. Kwa hiyo anayekuuzia "picha ya jicho inayotabiri moyo" kabla hujapima presha, sukari na lehemu, mpe kisogo. Tena retina safi haikuhakikishii kwamba ateri kubwa za moyo ziko salama.

Sasa kipimo chenyewe. Kusoma herufi ukutani na kuchaguliwa lenzi hakutazami mishipa. Kupimwa presha ya macho nako ni jambo jingine: kile kifaa kinapima maji ya ndani ya jicho kwa ajili ya glakoma (ugonjwa unaoharibu neva ya jicho), kawaida yake ni 10 hadi 21, na hakisemi lolote kuhusu presha ya damu. Unachohitaji ni kutanuliwa mboni na kutazamwa retina, au kupigwa picha ya retina. Sema hivyo hivyo mapokezini.

Utawekewa tone la tropikamaidi asilimia 1, dawa ya kutanua mboni, mara nyingi linarudiwa baada ya dakika chache. Subiri dakika 20 hadi 30. Macho meusi kama yetu hutanuka taratibu, kwa hiyo mtaalamu akikuita baada ya dakika 10, mwambie bado, maana mboni ndogo hutoa picha yenye kivuli na daktari ataandika "haionekani vizuri". Mtoto wa jicho naye huleta ukungu huo huo. Kama una presha au ugonjwa wa moyo, taja kabla ya tone la kwanza, kwa sababu fenilefrini ya asilimia 10, tone jingine la kutanua mboni, inaweza kupandisha presha. Kama ni lazima itumike, ipo ya asilimia 2.5. Utaona ukungu wa karibu kwa saa 4 hadi 6, basi nenda na miwani ya jua na usiendeshe gari wala bodaboda. Ukipata maumivu makali ya jicho, wekundu, kutapika au duara za rangi kuzunguka taa, rudi saa hiyo hiyo.

Kabla hujatoka omba picha ziwekwe kwenye simu yako, macho yote mawili, moja ikiwa imelenga neva ya jicho na nyingine makula, sehemu ya katikati ya retina. Picha ya mwaka huu ukiilinganisha na ya mwakani inafaa kuliko gredi yoyote iliyoandikwa kwa kalamu. Kisha peleka karatasi kliniki ya presha, upimwe na sukari, lehemu, kreatinini (kipimo cha figo) na protini kwenye mkojo. Madoa ya pamba huletwa pia na kisukari, upungufu mkubwa wa damu na VVU, basi kama presha yako haielezi yalikotoka, hivyo navyo vipimwe.

Kama karatasi inasema gredi ya tatu au ya nne na presha imefika 180/120 au zaidi, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo. Tafadhali usimeze vidonge vya wiki nzima kwa mkupuo, wala mtu asikutafunishe nifedipini (dawa ya kushusha presha) au kukuwekea chini ya ulimi. Ubongo uliozoea presha kubwa hukosa damu ikishushwa ghafla, na kiharusi ulichokuwa unakikimbia kinakuja kwa mlango huo. Hospitalini huishusha kwa vipimo, isizidi robo ndani ya saa ya kwanza.

Na hili ningependa lisomwe mpaka kijijini. Jicho moja likizima ghafla bila maumivu, kama pazia limeshuka, hicho kichukuliwe kuwa kiharusi, hata kama limerudi kuona baada ya dakika 5. Usiende duka la miwani. Andika saa lilipoanza na ukimbilie hospitali kubwa, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapotolewa, hufikiriwa ndani ya saa 4 na nusu tu. Mara nyingi kilichoziba ateri ni kipande cha lehemu kilichomeguka shingoni, au damu iliyoganda ndani ya moyo unaodunda ovyo. Kwa hiyo dai ultrasaundi ya mishipa ya shingo na ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Hatari ya kiharusi cha ubongo ni kubwa zaidi katika siku na wiki za kwanza.

Wahudumu wa afya wa huku kwetu wana sababu nyingine ya kushika kile kifaa cha kutazamia ndani ya jicho. Blantyre, Malawi, watoto waliofariki kwa kilichoitwa malaria ya ubongo walichunguzwa miili, na matokeo yalipochapishwa mwaka 2004 karibu robo walionekana kufa kwa sababu nyingine. Dalili iliyotenganisha vizuri zaidi wakiwa hai ilikuwa kwenye retina: weupe wa mabaka, mishipa iliyobadilika rangi, na madoa ya damu. Mtoto aliyepoteza fahamu, kipimo cha malaria kikisema ndiyo na retina ikawa safi, aendelee kutafutiwa homa ya uti wa mgongo na mengine huku akitibiwa malaria.

Kuhusu lini kupimwa: kisukari cha aina ya pili, siku kinapogunduliwa na kila mwaka; aina ya kwanza, kuanzia mwaka wa tano. Mwenye kisukari akishika mimba, miezi mitatu ya kwanza. Na mjamzito yeyote aliyepita wiki 20 akiona vimulimuli au ukungu pamoja na kichwa kuuma, asisubiri kliniki ya macho. Apimwe presha na protini ya mkojo siku hiyo hiyo, kwa sababu huo unaweza kuwa mwanzo wa kifafa cha mimba.