Mstari Mweusi Chini ya Ukuta

Swali lenu la wiki iliyopita lilikuwa hili: je, mapambo huiongezea nyumba uzuri, au nyumba nzuri ni ile yenye kuta tupu na vitu vichache? Nimelitafakari kwa siku kadhaa, kwa maana nimejenga nyumba moja hapa Maseno, karibu na Kisumu, magharibi mwa Kenya, nikakosea mahali pakubwa, na kosa hilo limenifundisha jambo ambalo nililiona utotoni kwa nyanya yangu bila kulitambua. Naamini kwamba mapambo mazuri zaidi ya nyumba za huku kwetu yalianza kama kazi ya kukinga tope, jua, mvua au vumbi, kisha mkono uliofanya kazi hiyo ukaendelea mbele kidogo kuliko ilivyohitajika, kwa sababu mwenye mkono aliipenda nyumba yake. Pambo lililoiruka hatua ile ya kwanza hunipendeza mwaka mmoja tu.

Nyanya aliishi Seme, si mbali na mwamba wa Kit Mikayi, katika nyumba ya fito na udongo yenye paa la mabati. Kila Desemba, kabla ya wageni wa Krismasi kuwasili, aliikandika upya kwa udongo uliochanganywa na samadi mbichi ya ng'ombe na jivu. Sehemu ya juu ya ukuta aliipaka udongo mwekundu, na kutoka chini hadi usawa wa goti aliipaka udongo mweusi wa bondeni. Mstari huo mweusi ulikuwa na sababu yake, kwani maji yanayodondoka kutoka paani hupiga ardhi na kurusha tope ukutani, na tope halionekani sana juu ya udongo mweusi. Lakini hakuishia hapo. Kabla udongo haujakauka, alichovya vidole vitatu majini na kuvipitisha ukutani kwa mawimbi, kila wimbi likianzia pale mkono ulipofika na kuishia pale bega lilipokataa, hata upana wa wimbi ukawa ndio urefu wa mkono wake. Jirani yake alichora pembetatu, na mwingine alichora vidoa kwa ncha ya kidole gumba, nasi watoto tuliijua nyumba ya kila mama kwa ukuta wake. Miaka yake ya mwisho mawimbi yale yalishuka, kwa kuwa mkono haukuweza tena kuinuka juu ya bega. Mama yangu alijitolea kuyapandisha mahali pake pa zamani, naye nyanya akakataa.

Wanaume nao walikuwa na pambo lao. Atakayetembelea boma la Kijaluo lililojengwa katika Jumba la Makumbusho la Kisumu na atazame kileleni mwa paa la nyasi: kijiti kinachochomoza pale, ambacho Wajaluo hukiita osuri, huonyesha kwamba nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe akifariki huondolewa. Sijui pambo jingine lisemalo mengi kwa kipande kidogo hivyo cha mti.

Nitavitetea pia vitambaa vya kufuma, ambavyo vijana wetu siku hizi huviita ushamba. Sebule ya mama yangu ina kitambaa cheupe kwenye kila mgongo na kila mkono wa kochi, na kingine juu ya redio. Kochi lilinunuliwa kwa akiba ya miaka, na mafuta ya nywele huharibu kitambaa cha kochi kwa miezi michache. Kitambaa cha kufuma huvuliwa Jumamosi, hufuliwa, huanikwa juani na hurudishwa kabla ya wageni wa Jumapili. Hiyo ndiyo kazi. Mengine yote, yaani nanasi lililofumwa katikati na ukingo wenye meno madogo ambao mama alijifunza kwa mwanachama mwenzake wa chama cha akina mama, yalifanywa usiku kwa mwanga wa taa ya mafuta na mtu aliyekuwa amechoka. Mimi mwenyewe nimeweka viwili tu nyumbani kwangu, kwa sababu napenda kuona mbao za kiti, na mama hajawahi kunilaumu kwa hilo.

Sasa nieleze kosa langu. Mchoraji wa ramani aliniletea picha za nyumba zenye paa lililofichwa, mtindo ulioenea sana siku hizi, ambapo ukuta hupandishwa kuzunguka paa ili nyumba ionekane kama sanduku safi lenye kingo zilizonyooka. Niliupenda mara moja. Mabati yanayolala nyuma ya ukuta huo humwaga maji katika mfereji uliojengwa kwa ndani, na mtu aliye chini hauoni mfereji wala majani ya mwembe yanayouziba. Mvua ya Maseno huja alasiri, nzito, mara nyingine na mawe ya barafu, na mfereji ulipojaa maji yalitafuta njia ya kuingia ndani. Masika ya pili niliona doa la kahawia kwenye dari ya jipsamu, juu ya picha ya arusi ya wazazi wangu, na baada ya wiki moja doa lilikuwa limefika ukutani. Nje, kwa kuwa ukuta haukuwa na upenu wa kuukinga, rangi nyeupe niliyoilipia ghali ilijaa michirizi kutoka juu na tope kutoka chini, nalo tope lilikomea usawa wa goti. Nilisimama pale nikamkumbuka nyanya.

Nilivunja ukuta ule wa juu, nikainua paa, nikatoa upenu wa futi mbili na nusu. Maseno iko kwenye ikweta, na jua la saa sita huwa karibu juu ya kichwa mwaka mzima, kwa hiyo saa hiyo upenu huangusha kivuli kirefu ukutani, chenye mawimbi ya mabati kwenye ukingo wake. Hakuna rangi ambayo ingenipa pambo hilo. Wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, waliojenga maduka Kisumu baada ya reli kufika mwaka 1901, walilijua jambo hili: majengo yao ya zamani yana baraza zinazompa mpita njia kivuli, na urembo wa saruji uliwekwa juu ya kitu ambacho tayari kilikuwa na faida.

Kwa wale wanaopenda kuta tupu, sina ugomvi nao hata kidogo. Kule Migori kuna Thimlich Ohinga, boma la mawe ambalo UNESCO ililiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018, na kuta zake, nyingine zenye kimo cha zaidi ya mita nne, zilipangwa bila udongo wala chokaa. Hazina mchoro wa kuzirembesha, lakini ukizisogelea unaona jinsi kila jiwe dogo lilivyochaguliwa ili likabe pengo kati ya makubwa, na unaweza kusimama hapo muda mrefu ukitazama uchaguzi wa mtu usiyemjua. Utupu wa namna hiyo umefanyiwa kazi. Utupu wa sebule iliyonakiliwa kutoka kwenye picha ya simu, ambamo mwenye nyumba anaogopa kutundika picha ya baba yake kwa sababu haiendani na rangi ya ukuta, hunihuzunisha.

Jirani yangu ameweka nguzo nne za duara mlangoni, zenye maua ya saruji vichwani. Mwanzoni niliziona kubwa mno, kisha nikaona kwamba zinabeba paa la veranda ambamo familia nzima huketi kila jioni, watoto wakizunguka nguzo huku wakizishika kwa mkono mmoja, hata rangi imefifia kwa duara kwenye kimo cha mtoto. Sasa nazipenda.

Desemba iliyopita nilimwita fundi aipake nyumba yangu mstari mweusi kutoka chini hadi usawa wa goti, kwa rangi ya mafuta inayofutika kwa kitambaa. Kando ya mlango wa jikoni alikuwa akirekebisha plasta, nami nikamwomba asiilainishe kwanza. Nilichovya vidole vitatu kwenye ndoo yake nikavipitisha. Binti yangu wa miaka sita alipitisha vyake chini ya vyangu, na wimbi lake ni fupi kuliko langu kwa zaidi ya nusu.