Kodi Ipi Inayokuhamisha?

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Voi. Vumbi na upepo ni vile vile, babako anahangaika na goti lake, na mbuzi uliyetununulia Aprili amezaa mapacha. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, maana mara ya kwanza matatu ilipiga honi nikakosa nusu. Umeuliza kama ni kweli ushuru na gharama ya maisha vinawafukuza watu Nairobi. Ukasema kwenye ploti yenu South B wameondoka wapangaji watano tangu mwaka jana, wanne Kitengela na mmoja Uingereza, ukamalizia kwa sauti ya chini: "Na mimi nihame, Mama?"

Nimechukua zile picha za karatasi zako za mshahara, ya 2022 na ya 2025, nikakaa nazo mezani na kalamu nyekundu. Mshahara ni ule ule, 85,000. Hilo ndilo la kwanza lililoniuma, na wala si ushuru. Mwaka 2022 ulikuwa ukipokea kama 65,700 baada ya makato. Mwaka 2025 ukawa unapokea kama 61,560. Umepungukiwa shilingi 4,100 hivi kwa mwezi, na kwa mtu mwenye watoto wawili hizo si pesa za kuchezea.

Lakini angalia zimekwenda wapi. NSSF, akiba yako ya uzeeni, ilikuwa shilingi 200, kufikia 2025 ikawa 4,320. Bima ya afya ilikuwa 1,500, sasa ni asilimia 2.75 ya mshahara, yaani 2,337. Ada ya nyumba, ile ya serikali ya kujengea nyumba, haikuwepo kabisa, leo ni 1,275. PAYE yenyewe, yaani ushuru wa mshahara, ilishuka kwa karibu 2,100, kwa sababu tangu mwisho wa 2024 makato hayo matatu yanatolewa kwanza ndipo ushuru unapohesabiwa. Najua hukuiona hiyo. Mtu akishakasirikia karatasi haisomi mstari kwa mstari. Kwa hiyo ukitoa akiba yako ya uzeeni, ambayo ni yako hata kama hauigusi leo, pengo lenyewe linakaribia kuisha. Simtetei mtu. Ada ya nyumba mimi naiona ni kumtoza mpangaji wa South B kwa ajili ya nyumba ambayo pengine hatapewa ufunguo wake. Nasema tu tusimkamate asiye mwizi.

Sasa weka karatasi kando. Mwenye nyumba wako alikupandishia kutoka 22,000 hadi 30,000 katika miaka hiyo hiyo. Hiyo ni 8,000, karibu mara mbili ya zile 4,100 ulizopungukiwa kwenye makato. Kiswahili chetu kimetuchezea hapa, mwanangu. Anachodai mwenye nyumba tunaita kodi, na wengi wetu hata anachodai serikali tunakiita kodi. Wewe umezisikia zote mbili kama kelele moja. Ile inayofungisha watu virago ni ya mwenye nyumba.

Kuna ushuru mmoja ambao karatasi haiuonyeshi, na huo nakubali ulituumiza. Julai 2023 VAT ya mafuta, ule ushuru unaoongezwa kwenye bei ya bidhaa, ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na kufikia Septemba mwaka huo petroli Nairobi ikavuka shilingi 200 kwa lita. Shilingi nayo ilikuwa inaporomoka. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika 160. Nauli ikapanda, mboga iliyosafirishwa kutoka huku milimani ikapanda. Hata treni niliyozoea kupanda kuja kwenu, nauli zake zilipandishwa Januari 2024. Tiketi ya daraja la chini kutoka Mombasa hadi Nairobi ikatoka 1,000 hadi 1,500. Ushuru wa namna hii hauandikwi popote kwa jina lako. Unaulipa kwenye kikapu na kwenye kiti cha matatu, na yule asiye na mshahara anaulipa pia.

Ndiyo maana vijana walitoka Juni 2024. Ule Mswada wa Fedha ulitaka VAT kwenye mkate, na tarehe 25 watu wakaingia Bunge, wengine hawakurudi nyumbani. Kesho yake Rais akasema hatausaini. Nawe ulikuwa barabarani, usidhani sijui, dadako aliniambia. Baadhi ya vipengee vyake vilirudi kwa mlango wa nyuma Desemba. Lakini angalia walichofanya wale vijana: waliokuwa na hasira zaidi na ushuru hawakuhama. Walikuja katikati ya jiji.

Nirudi kwa majirani zako. Wale wanne wa Kitengela, umesema wamehama Nairobi. Wamehama? Saa kumi na moja asubuhi wako kwenye foleni ya Mombasa Road wakirudi kazini kule kule. PAYE wanayolipa ni ile ile, ada ya nyumba ile ile, kwa sababu ushuru wa mshahara haujui Kitengela wala South B. Walichokikimbia ni kodi ya nyumba, na wengine wamekwenda kujenga. Tena si jambo la juzi. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 Kajiado, kaunti iliko Kitengela. Ya 2019 ikapata 1,117,840. Kaunti iliongezeka kwa zaidi ya asilimia 60 kabla ya hizi ada zote kuzaliwa. Na Nairobi haikupungua, ilitoka milioni 3.1 ikafika milioni 4.4.

Yule wa Uingereza naye hakukimbia ushuru. Huko atakatwa asilimia 20 kwenye mshahara unaovuka kiwango cha msamaha, na kuna ushuru wa halmashauri kwa nyumba anayoishi. Amefuata mshahara. Na binti wa jirani yetu hapa aliyekwenda Riyadh kufanya kazi za nyumbani hajawahi kukatwa PAYE hata siku moja maishani, maana hakuwa na mshahara wa kukatwa. Ukiwauliza watasema "maisha yamekuwa magumu", nawe unasikia "ushuru".

Ushuru uliowahi kuhamisha watu kweli kweli katika nchi hii ni mmoja, na uliwekwa kwa nia hiyo hiyo. Kodi ya kibanda, iliyoanza 1901. Babu yangu alikuwa na mahindi, ndizi na mbuzi kule Wundanyi, hakuwa na njaa. Serikali ya mkoloni haikutaka mahindi, ilitaka sarafu, na sarafu zilikuwa kwenye mashamba ya wazungu. Akashuka kilima kwenda kukata mkonge. Bibi alikuwa akisema aliondoka na kibuyu cha uji akarudi na mikono ya mtu mwingine. Nilipofundisha somo hilo darasani nilikuwa nawaambia watoto: ushuru ule haukumfukuza mtu kutoka mahali palipo na kodi, ulimvuta kwenda mahali palipo na pesa. Babu hakuweza kuukimbia. Aliufuata.

Na kuna wale wasiohama kabisa. Mwaka 1993 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 40, mshahara wangu wa mwalimu ukawa wa sukari na sabuni. Hatukuhama, wala si kwa uzalendo. Kuhama kunataka nauli, kunataka amana ya nyumba mpya, sare mpya za shule, na mtu wa kukupokea. Babako aliuza ng'ombe tukabaki pale pale. Ukiona mtu amehama wakati wa dhiki, jua alikuwa na kitu kidogo kimebaki mfukoni.

Basi wewe. Ukihamia Kitengela utaokoa kama 12,000 kwenye kodi. Toa nauli ya kila siku, toa saa tatu za barabarani, toa shule mpya ya watoto, halafu unitumie kilichobaki. Ukitaka kuja Voi, nyumba ni nafuu na hewa unaijua, lakini kazi ya 85,000 hapa sijaiona, na babako akikwambia ipo anakutamani tu. Mimi ningeanza na mwajiri aliyekuacha kwenye mshahara mmoja tangu 2022. Umewahi hata kumwandikia? Katika dakika sita za sauti umemtaja mwenye nyumba mara nne na serikali sijui mara ngapi, yeye hukumtaja.

Wala mkeo hukumtaja. Yeye anasema nini? Kazi yake iko Industrial Area, na kutoka Kitengela ni yeye atakayeamka saa tisa kuandaa watoto. Mwulize kwanza, kisha unipigie Jumapili jioni, nikishatoka kanisani. Chumba cha nyuma kina magunia ya mahindi. Kama mnakuja Desemba niambie mapema nimtafute mtu wa kuyahamisha.

Mamako