Kuanika si kukausha

Mkuu, umesema maneno "kuanika" na "kukausha" maana yake ni moja. Hapana, hayafanani. Kuanika ni kutandaza kitu juani au kwenye upepo ili kikauke. Kukausha ni kukiondolea maji mpaka yaishe, hata kwa moto au pasi. Ndiyo maana Dar wakati wa masika unasema "nimeanika tangu asubuhi, hazijakauka" na hakuna anayekushangaa. Kinyume cha anika ni anua: wingu likitanda utasikia uani "anueni nguo!" Hivyo nilivyolelewa, na kamusi zinakubali. Majani ya mchicha yaliyolegea kwa kukosa maji, hayo yamenyauka. Ila mtaani ukiambiwa "kausha", usitafute kamba. Unaambiwa nyamaza, jifanye hujaona.