Mfuko wa baba yako na cherehani yangu

Furaha mwanangu,

Baba yako alisoma ujumbe wako, akausoma tena kwa sauti, kisha akanipa simu: "Mjibu wewe, mimi macho yangu hayawezi herufi hizi." Umeuliza ununue lile sanduku la vyombo la vipande 108 uliloliona sokoni Kadutu, huko Bukavu, au ukusanye vyombo kimoja kimoja, maana umechoka kuazima bisibisi kila ruta inapozima na kila soketi ya chumba chako inapolegea.

Nianze na ya baba yako, kwa sababu amekaa hapa ananichungulia. Sanduku hilo anasema usiliguse. Ncha zake nyingi ni za chuma laini. Skurubu ikikaza kidogo tu ncha inateleza, kichwa cha skurubu kinaliwa, na hapo hata fundi mwenye chombo kizuri atahangaika. Chukua bisibisi bapa moja na za nyota mbili, kubwa na ndogo. Za laptopu na simu ziwe seti ndogo yenye ncha za sumaku, pamoja na zile za Torx, nyota ya pembe sita. Koleo liwe na mpini ulioandikwa 1000 V, si plastiki nyekundu ya kupendeza macho. Multimita ya bei ya kati inatosha, ila kabla ya kupima waya unaodhani hauna umeme, ijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme, upime waya wako, halafu urudi tena kwenye soketi. Hilo la kurudi amenilazimisha niliandike. Multimita inaweza kuharibika katikati ya kazi, na ikiharibika inaweza kukuonyesha sifuri, ile ile sifuri unayoitamani.

Na waya wa kulehemu uwe wa bati 60 kwa risasi 40, kwa sababu unayeyuka upesi. Hapo aliongeza hotuba yake ya kasiteriti, yale mawe yenye bati, kwamba bati linachimbwa Walikale na sisi tunauziwa waya kutoka ng'ambo. Unaijua, sitairudia.

Sasa yangu. Mimi nasema mfuko, si sanduku. Chombo usichoweza kukibeba ukikimbia si chako, ni cha nyumba. Tayari najua umeshacheka, na kaka zako huondoka mezani nikifika hapa. Utanisikiliza hivyo hivyo.

Ile jioni ya tarehe 17 Januari 2002, mlima Nyiragongo ulipolipuka, wewe ulikuwa mgongoni mwangu, na watu wote wa barabara yetu hapa Goma wanashuka kuelekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda. Baba yako akatoka na mfuko wake wa vyombo begani. Si godoro, si sufuria. Cherehani yangu ilikuwa pale dirishani, ile ya miguu niliyoachiwa na bibi yako. Kichwa cha cherehani ya namna ile kinashikwa na bawaba mbili, na kila bawaba ina skurubu moja ndogo kwa chini. Unalegeza hizo mbili, unavua mkanda wa ngozi kwenye gurudumu, unanyanyua kichwa. Meza na miguu iungue, hainihusu. Nikamwambia, "Baba Furaha, fungua kichwa." Akatazama juu, anga lilivyokuwa jekundu, akasema, "Hakuna muda." Na bisibisi bapa ilikuwa begani mwake, ncha imetoboa kitambaa, ninaiona! Njia yote hadi mpakani ule mfuko ulikuwa unalia kengele nyuma yangu.

Tuliporudi hapakuwa na nyumba, palikuwa na jiwe jeusi lililokuwa bado linafuka. Haya, nisiwe mwongo: mfuko ule ndio uliotulisha. Mji mzima ulikuwa unajenga vibanda vya mbao juu ya mawe, na mwenye nyundo, msumeno na futi hakukosa kazi. Maziwa yako yalitoka mle. Hata cherehani ninayoshonea leo ilitoka mle. Lakini watu walikuwa wametoka na nguo walizovaa tu, na wote wangehitaji mshonaji tangu wiki ya kwanza. Nani alikuwa na cherehani? Halafu ninajijibu mwenyewe: ningekibeba vipi, chuma kitupu kile, na wewe mgongoni? Na lava ya Nyiragongo ni nyepesi, inakimbia, haikusubiri mtu ashike bisibisi. Lakini skurubu mbili, Furaha. Mbili!

Kama alikosea, sisemi. Ningependa kusema.

Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, mlima ulipowaka tena, hakuambiwa na mtu. Nilimkuta amepiga magoti chini ya meza ya cherehani, tochi mdomoni, analegeza. Lava ikaishia Buhene, pembeni mwa mji, kichwa tukakirudisha mahali pake. Nilikuwa nimesimama nyuma yake ninahesabu kimoyomoyo. Ilichukua muda gani, hilo ninalijua mimi, na wewe usiniulize mbele yake.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza ununue nini, zunguka chumba chako uangalie kitu usichotaka kukiacha kimefungwa na nini. Ile diski ya picha ndani ya kompyuta yako ya zamani inashikwa na skurubu za aina gani? Betri ya sola je? Anza na chombo kinachofungua hivyo. Ile koleo ya kubania vichwa vya waya wa intaneti ni nzuri, siikatai, lakini hiyo ni ya kazi, itanunuliwa na kazi. Chombo cha kwanza ni kile unachoweza kukimbia nacho na kikakuokolea kitu.

Mfuko wenyewe usinunue. Nimekushonea wa turubai, vijifuko sita ndani, mkanda mpana usikukate bega. Mjomba wako anashuka na boti Alhamisi, umsubiri bandarini, maana akifika mjini atapita kwanza kwa marafiki zake. Bisibisi bapa nayo usinunue, nimekutilia ile ya baba yako. Bado hajaitafuta.

Mama yako