Fundi, pikapu yangu nimwekee oili gani?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Hilux ya dizeli ya zamani, inashusha ndizi kutoka Marangu hadi sokoni Mbuyuni, asubuhi nikiwasha inagonga kama sekunde tatu ndo inatulia. Mwingine ananiambia niweke oili nzito, mwingine nyepesi, nimsikilize nani? – Mama wa ndizi, Marangu

JIBU: Marahaba mama, pole na barabara. Kwanza kabisa fungua kile kitabu cha gari uone wameandika namba gani ya uzito wa oili, ila dizeli nyingi za umri huo 15W-40 inawafaa vizuri tu, na kwenye dumu tafuta herufi C, mfano CI-4, maana C ndo ya dizeli, S ni ya petroli. Usikimbilie nzito zaidi, asubuhi kwenye baridi ya huko kwenu itachelewa kupanda juu ya injini na mlio utazidi.

Mimi nashuku filta ya oili ndo inaleta huo mlio. Filta nzuri ina kiraba ndani kinachozuia oili isirudi chini gari likizimwa, zile feki za bei ya kutupa kiraba kinakuwa kigumu au hakipo, kwa hiyo asubuhi injini inaanza kavu, inaniuma sana kuona injini nzima inakufa kwa kitu kidogo hivyo! Badilisha filta kila unapomwaga oili, kwa mzigo na milima hiyo usivuke kilomita 5,000. Fundi apake oili kwenye raba ya filta mpya, akaze kwa mkono, na ahakikishe raba ya zamani haijabaki imeganda pale. Mlio ukibaki, mwambie apime presha ya oili.