Maswali yenu: safari ya kwenda kusafisha damu

Barua za mara hii karibu zote zinahusu njia. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki hupanda gari mara sita kila wiki, kwenda na kurudi. Kwa mwaka ni nauli zaidi ya 300, na akisindikizwa zinakuwa mara mbili. Bima inaweza kulipia mashine, lakini nauli inatoka mfukoni kwake. Mimi ni muuguzi, na nimeona watu wanaorudi nyuma kwa sababu ya nauli tu. Inaniuma.

Nimepangiwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Nauli imenishinda. Je, nikiacha Jumatano nikaenda mara mbili tu, kuna ubaya? (Mama wa Mbagala, Dar es Salaam)

Pole sana, mama. Ubaya upo, na afadhali nikueleze unavyotokea. Figo zikishindwa kazi, maji unayokunywa hayana pa kutokea, na potasiamu ya kwenye chakula inajazana ndani ya damu. Maji yakizidi yanaingia kwenye mapafu. Potasiamu ikizidi inavuruga mapigo ya moyo, hata kuusimamisha, na mara nyingine haitoi dalili yoyote kabla. Hata kwa ratiba yako kamili, kipindi kinachotutia hofu zaidi ni kile cha Ijumaa hadi Jumatatu, kwa kuwa ni kirefu. Ukiacha Jumatano, unajiongezea kipindi kingine kirefu zaidi ya hicho, kila wiki.

Wapo wanaosafishwa mara mbili, ila hilo huamuliwa na daktari baada ya kuangalia vipimo na kiasi cha mkojo unaotoka. Usijikatie mwenyewe.

Fanya hivi: kesho ukifika mwambie muuguzi wa zamu kwamba tatizo ni nauli. Taja neno hilo hilo, nauli. Wengi wanaona aibu, wanasema walikuwa na homa au na wageni, nasi tunabaki hatujui. Hospitali kubwa zina afisa ustawi wa jamii, omba kumwona. Uliza pia ni nani wa zamu yako anatoka Mbagala, Kongowe au Rangi Tatu. Wagonjwa watatu wakichangia bajaji moja kwa bei ya mwezi, dereva anakuwa na uhakika wa kazi nanyi mnapata nafuu. Kama zamu yako inakuingiza kwenye foleni ya asubuhi, omba ya mchana.

Ikitokea umekosa siku, punguza sana maji na chumvi, na uache kabisa dafu, ndizi, parachichi, machungwa na viazi ambavyo havijachemshwa na maji yake kumwagwa. Piga simu kitengo cha kusafisha damu siku hiyo hiyo upangiwe nafasi nyingine. Ukishindwa kulala chali kwa sababu pumzi inakata, au mwili ukilegea ghafla, nenda hospitali hata kama ni saa nane za usiku. Usisubiri siku yako ya mashine.

Mume wangu hurudi na bodaboda kwa sababu ni rahisi na inawahi. Mimi naogopa. Naogopa bure? (Dada wa Kigamboni)

Huogopi bure. Ndani ya zile saa nne za kusafishwa, mashine imemtoa maji mengi, mara nyingine lita mbili au zaidi. Presha inaweza kushuka akisimama, au hata dakika ishirini baadaye akiwa barabarani. Kizunguzungu juu ya pikipiki ni hatari ya wazi. Zaidi ya hapo, wengi hupewa dawa ya kuzuia damu isigande kwenye mashine, na nguvu yake haiishi papo hapo. Akianguka, kidonda kidogo kinavuja sana, na pigo la kichwa linatisha zaidi.

Kama pesa haitoshi kote, iweke kwenye safari ya kurudi. Asubuhi anaweza kwenda kwa bei nafuu, jioni arudi na bajaji au daladala akiwa na mtu. Kabla ya kuondoka apimwe presha akiwa amekaa, kisha amesimama, apumzike kidogo, ale kitu. Na kama anasafishwa kwa mpira uliowekwa shingoni au kifuani, ufunikwe vizuri dhidi ya vumbi na mvua, na mkanda wa kofia usiuguse. Mpira huo ukichomoka, kandamizeni sehemu hiyo kwa nguvu mkikimbilia hospitali.

Nina fistula (mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji ili ichomwe sindano za mashine) mkono wa kushoto. Kwenye daladala nabanwa na kuvutwa. Niulindeje? (Kijana wa Gongo la Mboto)

Simama upande ambao mkono huo unaelekea ukutani au kifuani kwako, na bomba ushike kwa mkono wa kulia. Usitundike begi wala mfuko wa sokoni upande wa fistula, na usivae saa au mkono wa shati unaobana hapo. Omba kiti. Najua ukionekana mzima watu wanasema kijana mvivu. Mwambie konda kwa sauti: "Nimetoka kwenye mashine ya figo, naomba nikae." Sauti yako ikisikika, mara nyingi abiria mmoja atainuka.

Damu ikianza kutoka, bonyeza pale pale kwa kitambaa safi na vidole viwili, uinue mkono, na usifunuefunue kuchungulia. Usifunge kamba mkononi. Isipokoma, au ikiruka kwa nguvu, shuka uende hospitali iliyo karibu huku ukiendelea kubonyeza. Ukifika nyumbani gusa fistula usikie ule mtetemo wa damu inayopita. Ukiwa haupo, nenda kitengo siku hiyo hiyo, kwa sababu fistula iliyoziba huweza kuokolewa ikiwahiwa.

Mama yetu yuko Mpwapwa, anasafishwa Dodoma mjini. Barabara inamchosha. Tumhamishe? (Watoto wake)

Zaidi ya kilomita 100 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi akiwa hoi: ningemhamisha, angalau kwa kuanzia. Chumba cha kupanga karibu na hospitali mara nyingi hakizidi nauli za mwezi mzima. Ila muulizeni yeye kwanza. Kule ana shamba, ana majirani, ana kanisa au msikiti wake, na mgonjwa mpweke huacha kula. Mpangiane nani anakaa naye wiki ipi.

Na ulizeni mapema juu ya kupandikizwa figo. Muhimbili walianza mwaka 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma mwaka 2018. Figo hutoka kwa ndugu aliye hai na mwenye afya. Dawa ni za kila siku na kliniki hazikwepeki, lakini safari za mashine zinakoma.

Kuna msiba Mwanza, nasafishwa Dar. Niende? (Msomaji wa Tabata)

Nenda, ukishahakikishiwa nafasi. Kitengo chako kipige simu Bugando au kituo kingine cha huko kabla hujakata tiketi, na uulize kama bima yako inapokelewa. Beba barua yenye uzito wako mkavu (yaani uzito wako maji ya ziada yakishatolewa), dawa zako na majibu ya homa ya ini na VVU. Bila hayo majibu utacheleweshwa. Kwa kuwa msiba haupigi hodi, barua hiyo ikae tayari kwenye begi mwaka mzima. Nafasi ikikosekana, baki. Ndugu wataelewa, na wasipoelewa, waonyeshe jibu langu hili.

Mimi ni dereva wa bajaji, Temeke. Nambeba mzee mmoja kila wiki. Akirudi hasemi neno. Ni kawaida?

Asante kwa kuuliza, kaka. Uchovu ni kawaida. Msemeshe kila baada ya muda. Akijibu, hata kwa kuguna, endelea taratibu. Akitoa jasho jingi, akichanganya maneno au asipojibu, simama, mlaze kwenye kiti, inua miguu yake juu. Asipozinduka haraka, geuza urudi hospitali. Weka kwenye simu namba ya mwanawe na ya kitengo. Wakati wa masika, barabara ikijaa maji, piga namba hiyo ya kitengo mapema wamsogezee zamu, kabla hajakata tamaa na kubaki nyumbani.