Kukagua hewa ukaa kwa setilaiti: kabla hujamwambia mtu kwamba takwimu za mtambo wake si sahihi

Setilaiti haioni hewa ukaa ikitoka kwenye bomba la moshi. OCO-2 ya NASA, iliyorushwa Julai 2014, hupima mwanga wa jua unaoakisiwa na ardhi, na kutokana na mwanga huo hukokotolewa wastani wa safu nzima ya hewa. Ndiyo maana hata mtambo mkubwa wa umeme kama Bełchatów wa Poland, unaochoma makaa ya kahawia, huongeza sehemu moja au chache tu kwa milioni, juu ya kiwango cha kawaida cha hewani kinachozidi 420.

Anza kwa kuchuja: bakiza vipimo vyenye alama ya ubora 0 (yaani vizuri) pekee. Mawingu yatakula vingi, na njia ya setilaiti ina upana wa kilomita 10 hivi, hurudia palepale kila siku 16. Mapito yanayofaa yatakuwa machache. Usilegeze chujio ili uongeze idadi.

Kiwango cha msingi, yaani hewa ukaa ambayo ingekuwepo bila mtambo, ndicho kinachowaangusha wengi. Kichukue pande zote mbili za mkia wa moshi. Wakati wa kiangazi cha Ulaya, mashamba na misitu hufyonza hewa ukaa, hivyo upande mmoja huweza kuwa chini kuliko mwingine; hapo chora mstari wa mteremko kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukikosea kwa 0.3 pale ambapo ongezeko ni 1, umeshakosea asilimia 30. Kujua mkia unapoishia, tazama naitrojeni dayoksaidi, gesi nyingine iliyomo kwenye moshi huo, inayopimwa na TROPOMI, kifaa kilicho kwenye setilaiti nyingine ambayo hupita karibu saa ileile, mnamo saa 7:30 mchana. Gesi hiyo haidumu hewani, kwa hiyo mkia wake hujitokeza wazi.

Ongezeko la sehemu 1 kwa milioni ni takriban gramu 15.7 kwa mita ya mraba. Zidisha kwa upana wa mkia kwenye njia ya setilaiti, kisha kwa upepo unaoikata njia hiyo kwa pembe mraba, wala si kasi yote ya upepo. Wastani wa 1, upana wa kilomita 12 na upepo wa mita 5 kwa sekunde hutoa kilo 942 kwa sekunde, kama tani 81,000 kwa siku.

Upepo unaopimwa mita 10 juu ya ardhi haufai. Mabomba ya zamani ya Bełchatów yana urefu wa mita 300, na moshi wa moto hupanda zaidi. Kosa la mita 1 kwa sekunde kati ya 5 ni asilimia 20 ya jibu. Upepo ukiwa chini ya mita 2 kwa sekunde, acha siku hiyo: gesi hutuama.

Sasa linganisha, lakini usigawe ripoti ya mwaka kwa 365. Tafuta umeme uliozalishwa saa zilezile. Makaa ya kahawia hukadiriwa kutoa kilo 101 za hewa ukaa kwa kila gigajuli ya joto. Mtambo wenye ufanisi wa asilimia 35 hutoa takriban tani 1.04 kwa kila megawati-saa. Rudia hesabu kwa data za upepo za vyanzo viwili na viwango vitatu vya msingi. Takwimu ya mtambo ikiangukia ndani ya majibu hayo sita, huna hoja dhidi yake.